Dar tamu, lakini muulize aliyeshuka na shangazi kaja

Wiki hii sikuletei ya mastaa wala ya nani kamwacha nani. Nakuletea ya kwangu mwenyewe, na ukitaka kucheka we cheka tu, mi nimeshazoea.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimejilaza gheto kwangu Manzese, feni inazungusha joto lile lile, mara simu ikalia. Mdogo wangu huyo, kutoka nyumbani Makambako.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dogo. Wazima huko?"

"Wazima. Kaka, kuna mtu kafika bei ya lile shamba langu la parachichi. Nataka niuze nije Dar. Si ulisema ofisini kwako kuna nafasi?"

Hapo, msomaji, nilikaa kitako. Lile shamba ni nusu eka ambayo mzee alimpa baada ya kumaliza kidato cha nne, na miche yake imebakiza mwaka mmoja tu ianze kuzaa. Na hiyo ofisi, ngoja nikusimulie.

Krismasi iliyopita nilitinga nyumbani na pamba za nguvu. Viatu vya mshikaji wangu mmoja, saa ya mshikaji mwingine, suruali tu ndiyo ilikuwa yangu. Watu wakaniuliza nafanya nini Dar, nikajibu nina ofisi Kariakoo. Sikudanganya sana. Ofisi ni meza ya kukunja, Mtaa wa Kongo, nauza kava za simu. Jua likizidi, ofisi inahamia upande wa pili kwenye kivuli. Posho ya safu hii ndiyo inanisaidia nauli na zege la jioni.

Na mimi nililetwa mjini na saa ya mtu. Nikiwa kidato cha pili alikuja kaka mmoja wa mtaani kwetu, ananukia vizuri, kila dakika anatazama mkono kana kwamba anasubiriwa Ikulu. Tukamzunguka kama nzi kwenye ulanzi. Nilipofika Dar nikamkuta anabeba mizigo sokoni, na saa yenyewe haikuwa na betri. Sikumwambia mtu nyumbani. Kumbe ndivyo mnyororo unavyokwenda: yeye kanivuta mimi, na mimi sasa namvuta dogo.

Nilikuja mwaka 2019. Kutoka Makambako hadi huku ni zaidi ya kilomita 600. Alfajiri ile nilikuwa na koti zito, na mfuko wa shangazi kaja uliojaa viazi na maharage ya kumpelekea baba mdogo. Mafinga baridi, Iringa baridi. Tukateremka Kitonga watu wamefunga midomo, maana kona zile hazina mzaha. Ruaha Mbuyuni akina mama wanakimbiza basi na vitunguu, nami nikalivua koti, na mpaka leo halijapata kazi Dar. Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi, tukaona twiga bila kiingilio. Baada ya Chalinze nikaanza kujitengeneza kola, wakati safari ilikuwa bado mbichi.

Siku hizo mabasi ya mikoani yalikuwa yanaishia Ubungo. Tangu mwaka 2021 yanaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nilishuka Ubungo nikasikia kelele ambayo sijawahi kuisikia: wapiga debe, honi, muziki, na mtu ananivuta begi akiniita "mjomba" kama tumelelewa pamoja. Moyo ukaniambia, hapa ndipo. Nitakuwa mwongo nikisema niliogopa. Nilifurahi, bwana!

Na kuna cha kufurahisha. Panda mwendokasi Kimara, yale mabasi yaliyoanza mwaka 2016, kaa dirishani mpaka Kivukoni. Utaona magari yamebanana foleni pembeni na wewe unayapita kama mkubwa fulani. Shuka Posta upige picha na Sanamu ya Askari, mtu mwenye bunduki aliyesimama pale tangu 1927. Kila aliyetoka bara anayo picha hiyo. Halafu teremka Feri unuse samaki, utazame panton ikivusha watu Kigamboni. Jumapili jioni nenda Coco ukale mihogo ya kukaanga na pilipili, bahari inakupulizia bure kabisa.

Tena huu mji tangu mwanzo umejengwa na wanaokuja. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji wake miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakauhamishia makao makuu yao. Kariakoo yenyewe imepata jina kutoka kwa jeshi la wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, wa Vita Kuu ya Kwanza. Ulimi wetu ukaligeuza. Kwa hiyo mbeba mizigo wa sokoni leo, yule kaka wa saa akiwemo, anafanya kazi iliyoupa mtaa jina.

Kuzuia watu wasije kulijaribiwa pia. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, wasio na kazi wakakamatwa na kurudishwa vijijini, na wengi wakapanda gari wakarudi. Siku hizi serikali imehamia Dodoma, lakini watu hawakuhama nayo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.4 mkoa huu, ya 2022 ikahesabu milioni 5.4. Humo mimi nipo, na kava zangu.

Sasa utamu wenyewe uko wapi? Watu husema mapene. Mapene yapo, ila kila mtu anayaona mkononi mwa mwenzake. Mimi naona kinachotuvuta ni kingine. Makambako ukiuza maandazi yakakuharibikia, mtaa mzima unajua kabla jiko halijapoa, na kanisani watakuombea kwa jina. Hapa Dar nimeuza maji baridi, nikauza soksi, nikauza chaja. Biashara zote tatu zimekufa mikononi mwangu na hakuna aliyenicheka, kwa sababu hakuna anayenijua. Asubuhi unanawa uso, unaanza upya, unajiita jina unalotaka. Kwa kijana uhuru huo ni mtamu kuliko chipsi mayai.

Uchungu nao unatoka humo humo. Miezi yangu ya kwanza nililala Mbagala kwa baba mdogo, chumba na sebule, watu saba, mimi fungu langu chini ya meza. Nilipopata changu, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikaishi kwa mihogo na chai ya rangi. Halafu mwaka 2022 nikapigwa na homa. Siku tatu nimelala kwenye godoro, midomo imekauka, namsikia jirani wa ukuta wa pili akicheka na televisheni yake. Hakujua. Angejuaje? Kule nyumbani siku ya kwanza tu usipoonekana kisimani, wamama wangekuwa mlangoni na uji. Siku ile ndiyo nilielewa kwamba kutojulikana ni kisu chenye makali kuwili.

Basi Jumatatu nikampigia dogo. Nikamweleza yote: meza ya kukunja, viatu vya kuazima, homa, mpaka saa ile. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Sasa kaka, kama ni hivyo, mbona wewe hurudi?"

Nikakosa jibu, msomaji. Ningesema nasubiri mambo yanyooke, lakini huo nao ungekuwa uongo mwingine. Ukweli ni kwamba naupenda mji huu. Napenda saa kumi na moja alfajiri mama wa vitumbua anapowasha moto kona ya Manzese, na konda anaita "Kariakoo, Kariakoo" na sauti iliyokauka, nami nimebeba meza yangu begani nikiamini kwamba leo huenda ikawa ndiyo siku. Huwezi kumkataza mtu kitu ambacho wewe mwenyewe umeshindwa kukiacha.

Nikamwambia: "Dogo, usiuze kitu. Parachichi zako zikizaa, huku Dar tunazinunua moja moja kama dawa. Njoo wiki mbili, ulale kwangu, usimame na mimi mezani. Ukiupenda mji, utarudi ukiwa na shamba nyuma yako. Mimi nilikuja bila kitu nyuma, ndiyo maana kila nikianguka naanguka mpaka chini."

Akacheka. Akasema mnunuzi atamwambia asubiri, ila mzee anauliza kama zile hela za nauli nitatuma mimi mwenye ofisi.

Nimeshatuma. Anafika Jumamosi jioni, Mbezi Luis. Nimemwambia asimpe mtu yeyote begi lake, hata akiitwa mjomba. Nitakuwa mlangoni namsubiri na kandambili zangu, mkono mtupu. Akitaka kujua saa ngapi, atauliza konda.

Haya, tuonane wiki ijayo.