Gitaa la Umeme Kanisani

Vijana wengi wa kwaya zetu, huko Fizi milimani na huku Baraka ziwani, hutamani gitaa la umeme. Tamaa hiyo si mbaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikiheshimu sana kinanda cha filimbi. Lakini uliruhusu vingine pia, mradi vifae kwa ibada, vipatane na heshima ya nyumba ya Mungu na kuwajenga waamini. Gitaa halina dhambi, wala ampli haina. Taabu yatoka katika vifungo vya ampli, na katika moyo wa yule anayevizungusha.

Ampli ni chombo cha kukuza sauti ya gitaa. Nyingi siku hizi zina chaneli mbili au tatu, yaani njia za sauti. Jambo hilo lilianza zamani: ampli ya Twin Reverb ya kampuni ya Fender, iliyotoka mwaka 1963, ilikuwa na njia mbili, moja ya kawaida, na nyingine yenye mwangwi na mtetemo. Katika ampli za sasa, mara nyingi njia ya kwanza hutoa sauti safi, na ya pili hutoa sauti ya kukwaruza, kama ya redio iliyopasuka spika. Mpigaji hubadili njia kwa kukanyaga swichi. Kijana akiona vifungo kumi na zaidi hudhani kwamba ni lazima vyote vifanye kazi kwa nguvu. Basi tuone jinsi ya kuvipima.

Kwanza, tuanze na njia safi. Twajua mfano mzuri hapa kwetu Kongo. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, Hugh Tracey alirekodi gitaa la Mwenda Jean Bosco. Lilikuwa gitaa kavu lisilo na umeme, lakini kila uzi ulisikika peke yake, hata watu wakadhani ni magitaa mawili. Tutafute usafi huo. Vifungo vya besi, vya sauti ya kati na vya sauti nyembamba tuvielekeze juu, kama mshale wa saa sita. Mwangwi tuuzime. Kisha tupige kwa nguvu ileile tutakayopiga Jumapili.

Hapo tutambue tofauti ya geini na volyumu, maana wengi huvichanganya. Geini husimama mlangoni: yapima nguvu ya sauti inapoingia. Ikizidi, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na sauti huvunjika. Volyumu husimama mwishoni: yapima ukubwa wa sauti inapotoka. Basi tupandishe geini taratibu mpaka sauti ianze kukwaruza, halafu tuirudishe nyuma kidogo. Baada ya hapo volyumu ndiyo itakayotumika kuongeza au kupunguza.

Pili, tuzungushe kifungo kimoja kimoja na kusikiliza, kama mama anavyoonja chumvi katika sombe. Uzi mnene wa gitaa hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Huko chini ndiko wanakokaa gitaa la besi na ngoma, kwa hiyo wakiwapo, tupunguze besi yetu tuwaachie nafasi. Herufi kama t, k na s, zinazotenganisha neno na neno, husikika hasa huko juu, penye mitetemo elfu mbili na zaidi kwa sekunde. Ukali wa gitaa nao hukaa hapohapo. Kwa hiyo waimbaji wakianza kuimba, tupunguze sauti nyembamba. Sauti ya kati tusiiondoe. Mtu akipiga peke yake nyumbani huiondoa kwa sababu gitaa lasikika tamu. Akifika kanisani gitaa lapotea kati ya wengine, naye huongeza volyumu, na maneno ya wimbo yafa.

Tatu, tupime palepale tutakapopiga. Wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi vizuri sauti ikiwa ndogo. Vifungo vilivyowekwa chumbani kwa sauti ndogo vitanguruma kanisani. Tena kanisa la matofali na mabati, likiwa tupu siku ya Jumamosi, hurudisha mwangwi mwingi. Jumapili watu na nguo zao huumeza. Kanisa lina mwangwi wake tayari: tusiongeze mwingi wa ampli.

Nne, sikio la mpigaji lisiwe hakimu peke yake. Spika hurusha sauti nyembamba mbele moja kwa moja. Mpigaji aliyesimama na ampli miguuni pake haisikii, lakini mama wa benchi la tatu yampata usoni. Tuiweke ampli juu ya kibao au tuilaze kidogo nyuma. Kisha tumwombe mzee asiyeujua wimbo akae katikati ya kanisa, atuambie maneno aliyosikia. Akishindwa, tupunguze sauti ya vyombo mpaka aweze.

Tano, njia ya pili tuipatanishe na ya kwanza, ili tukikanyaga swichi kanisa lisishtuke. Geini kidogo hurefusha mlio na yafaa katika shangwe. Katika Misa kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, Utukufu waendana na kucheza kuzunguka altare, na gitaa lina furaha yake hapo. Lakini zaburi yataka njia safi. Tukishapata kipimo chema, tukiandike daftarini kwa ajili ya mpigaji mwingine. Kadhalika tutazame umeme: ampli ya volti 120 ikichomekwa katika jenereta ya volti 220 yaweza kuungua. Na ampli ya balbu za kioo ndani tusiifungue, maana yaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Kwa sababu hapa kwetu kuna majina yasiyofaa kumezwa na kelele. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku hiyohiyo Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa Wenyeheri. Watoto wetu walizaliwa miaka mingi baada ya damu ile. Hawatawajua mashahidi hao ila kwa kusimuliwa na kwa kuimbiwa. Tukiwaimbia Wenyeheri wetu na gitaa likafunika majina yao, mtoto atarudi nyumbani na mlio masikioni, pasipo jina moyoni.

Mtakatifu Agustino alifundisha kwamba Yohane Mbatizaji alikuwa sauti, na Kristu ndiye Neno. Sauti hulipeleka neno moyoni mwa mwingine, kisha yenyewe hupita. Hiyo ndiyo kazi ya gitaa kanisani. Basi, vijana wapenzi, jifunzeni vifungo vyote na msiviogope. Na kila mwisho wa mazoezi waulizeni waliokaa mabenchini wimbo ulisema nini.