Nipe Mji: Tulivyosaka Daftari la Mzee Kutoka Nachingwea Hadi Marambo

Tuseme ukweli, mpenzi msomaji. Mara ya mwisho wewe na mwenzako mlipotoka pamoja, mlikwenda wapi? Kama jibu ni baa yenye kitimoto na mpira kwenye televisheni, au ufukweni ambako kila mmoja aliinamia simu yake, basi hamko peke yenu. Wapenzi wengi siku hizi wanatoka, lakini hawaendi popote.

Mwezi huu nakuletea mtoko wa aina nyingine kabisa. Hauna kiingilio wala meza ya kuhifadhiwa. Unachohitaji ni viatu vya kutembelea, maji ya kunywa na mtu unayemjua vizuri, au unayedhani unamjua vizuri. Ni mchezo wa kusaka kwa mafumbo: mnapewa kisa chenye siri, mnapewa fumbo la kwanza, mkilifumbua linawapeleka mahali fulani mjini, na hapo mnalikuta la pili. Mnaendelea hivyo mpaka siri ifichuke.

Huko nje mchezo huu umeshakuwa biashara kubwa. Mei 2000, Marekani ilipoacha kupunguza usahihi wa vipimo vya setilaiti kwa raia, mtu mmoja wa Oregon alificha ndoo porini, akatangaza mahali ilipo kwenye intaneti, na watu wakaenda kuisaka. Mwaka 2007, Kyoto, Japani, watu walianza kulipa ili wafungiwe chumbani watafute njia ya kutoka kwa kufumbua mafumbo. Lakini wewe na mimi, nani atatufundisha mafumbo? Kitendawili! Tega! Na ukishindwa, unaambiwa: nipe mji. Kwetu, fumbo na mji vimetembea pamoja tangu enzi za mabibi.

Kisa chenyewe

Mimi ni mtoto wa Dar. Nina saluni yangu Sinza, viti vinne, wateja wa kudumu. Mume wangu ni Mmwera wa Nachingwea, mkoani Lindi, na kwao hasa ni kata ya Marambo, upande unaopakana na Ruangwa. Baba mkwe alipofariki aliacha mikorosho. Tangu siku hiyo mume wangu akawa na wimbo mmoja: turudi nyumbani. Mimi nikawa na jibu moja: na saluni je? Miezi minane tulizunguka hapo hapo. Tulifika mahali chakula cha jioni tunakula kimya, kijiko na sahani ndivyo vinaongea.

Wifi yangu ni mwalimu, na ni mtu wa vituko. Tulipokwenda kwenye arobaini ya ndugu yao mwezi wa nane, alitusikia tukibishana uani, hakusema kitu. Asubuhi ya siku ya pili baada ya shughuli alitukabidhi bahasha. Nje ameandika: “Daftari la shamba la Mzee limepotea. Liko wapi, na ndani kaandika nini? Mna siku moja. Simu hairuhusiwi kutafuta majibu. Kuuliza watu ruksa.”

Mume wangu akacheka. “Mimi nimezaliwa hapa. Saa sita tumemaliza.”

Msomaji, subiri.

Stesheni isiyo na treni

Fumbo la kwanza: “Jina langu la safari, lakini kwangu haondoki mtu. Waliokuwa wakinisubiri wameshakuwa mababu.” Hili alilipata kabla sijamaliza kusoma. “Stesheni!” Ni kata hapo hapo mjini Nachingwea. Ukifika ukatafuta treni, utatafuta mpaka kesho.

Hadithi yake ndiyo hadithi ya mji. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, kwa sababu baada ya Vita vya Pili kwao kulikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga hizo ikajengwa reli kutoka pwani, na bandari ya Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeshayeyuka. Reli ikabaki bila mzigo wa kuitosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Kilichobaki ni jina.

Tulizunguka nusu saa. Mimi nataka kuuliza, yeye hataki. “Mwenyeji anaulizaje njia kwao?” Hapo nikamwacha, nikamwendea mzee mmoja fundi viatu chini ya mwembe. Nikapiga goti kidogo, shikamoo, marahaba. Akaniangalia, akamwangalia mume wangu, akauliza, “Huyu si mjukuu wa yule wa mataruma?”

Kumbe babu yake mume wangu alikuwa kibarua wa reli! Mzee alikuwa mtoto mdogo wakati ule, lakini alikumbuka mlio wa treni na vumbi la vibarua. Mume wangu, mwenyeji, alikuwa analisikia hilo kwa mara ya kwanza. Alikaa kwenye kigoda dakika ishirini nzima akiuliza maswali kama mtoto wa darasa la kwanza. Bahasha ya pili ilikuwa ndani ya kiatu kimoja kibovu.

Shamba lililovunwa nchi

Fumbo la pili lilikuja na mkebe wenye kufuli ya tarakimu tatu. “Hesabu miaka ya karanga tangu kuanza hadi kufutwa. Fuatisha namba ya shamba ambalo halikuvunwa karanga, lilivunwa nchi. Nifungulie hapo hapo shambani.”

Miaka ya karanga ni rahisi: 1947 mpaka 1951, minne. Hilo shamba nalo kila mtu wa Nachingwea analijua: Farm 17. Mradi wa karanga uliacha mashamba yenye namba, na hilo la 17 katika miaka ya 1960 likawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO. Hapo ndipo Samora Machel alipowaandaa wapiganaji wake. Mei 1975 alivuka Ruvuma kurudi kwao, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Leo kuna sekondari yenye jina hilo hilo.

Tukapanda bodaboda, tukafika, nikazungusha 4-1-7. Kufuli ikaachia, klik! Jamani, ile raha! Tulipiga kelele wote wawili kama tumeshinda bahati nasibu. Nikagundua tumeshikana mikono. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ndani ya mkebe wifi alikuwa ameweka karatasi ya ziada, ya kusoma tu. Samora na Josina walifunga ndoa Mei 1969 Tunduru, huku huku kusini. Josina alikuwa mpiganaji, na aliongoza kazi ya wanawake na watoto katika chama. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, umri miaka 25. Ndoa yao haikufikisha miaka miwili. Tarehe hiyo mpaka leo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Chini wifi kaandika kwa kalamu nyekundu: “Nyie mna miaka tisa. Mnaitumiaje?”

Tulirudi mjini kimyakimya. Lakini haukuwa ukimya ule wa sahani na kijiko.

Mweusi asiye na wino

La tatu: “Mweusi wa Ruangwa, anaandika bila wino, ukimchonga ndipo anapata akili.” Hili nalidai mimi. Mume wangu kataja makaa, kataja kunguru. Nikamwambia, mwaya, penseli! Ile nyeusi ya katikati ni madini ya kinywe, na Ruangwa wanayo ardhini. Tukaingia duka la vifaa vya shule, nikaomba penseli, muuzaji akacheka akatoa bahasha chini ya kaunta.

La nne lilikuwa tamu zaidi. “Watatu kitanda kimoja, kila mmoja kaleta herufi zake mbili. Msimu ukifika, kila mkulima anawataja.” Tuliketi kwa mama lishe, tukaagiza ugali na kisamvu, tukaanza kuandika herufi kwenye karatasi kwa ile penseli yangu. Safari hii hatukushindana. Yeye anataja wilaya, mimi naandika. Ruangwa, Nachingwea, Liwale. RU, NA, LI. Runali! Ndicho chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa wilaya hizo tatu, ambako korosho zao hupitia kwenda mnadani.

Bahasha ilikuwa kwa karani wa chama cha msingi. Mwezi wa nane ghala limetulia, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, watu wako mashambani wanapulizia salfa kuzuia ubwiriunga. Karani akamweleza mume wangu kwamba pulizo la marehemu baba yake bado wanaliazima majirani, na kwamba shamba lisipopaliliwa mwaka huu, mwakani itakuwa shughuli. Mimi nilikuwa nasikiliza. Miezi minane nilisikia “turudi nyumbani” nikadhani ni maneno ya huzuni tu ya kufiwa. Kumbe kuna miti kweli, inayohesabu siku.

Marambo

La tano: “Wingi wangu ni kwenu. Umoja wangu ulibeba nyanya na samaki nchi nzima, mpaka serikali ikaupiga marufuku Juni 2019.”

Tuliangua kicheko. Rambo! Ile mifuko ya plastiki ya sokoni. Wingi wake: marambo. Kwao!

Bodaboda mbili, vumbi jekundu, mikorosho kulia na kushoto. Tulifika jua limeanza kulegea. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, daftari lile la jalada gumu likiwa mapajani, wala halikupotea popote. “Shikamoo mama.” “Marahaba wanangu. Kaeni. Bado moja.”

Akanigeukia mimi. “Kitendawili!”

“Tega!”

“Alinipanda akijua hatanivuna.”

Nikafikiri. Nikasema mtoto. Hapana. Nikasema jina. Hapana. Mume wangu akafungua mdomo, mama akamnyooshea kidole: nyamaza.

“Umeshindwa. Nipe mji.”

“Nakupa Mtwara, mama.”

Akatikisa kichwa. “Mtwara si wako, mwanangu. Toa mji ulio wako.”

Wote walikuwa wananiangalia. Mji wangu ni mmoja tu. Niliona viti vyangu vinne vya Sinza, nikamwona mteja wangu wa Ijumaa. Nikasema, “Siwezi kukupa Dar yote, mama. Lakini naweza kukukopesha msimu mmoja.”

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. “Nimekubali. Dar nimefika, watu wake wamenipokea vizuri. Jibu ni mkorosho.” Kisha akafungua daftari.

Baba mkwe alikuwa ameandika kila mstari wa miti na mwenyewe wake. Huu wa kijana mkubwa. Huu wa binti mwalimu. Mkorosho huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, na yeye alipanda mingine akiwa tayari mgonjwa. Ukurasa wa mwisho kuna mstari wa miti kumi na miwili, pembeni kaandika kwa mkono uliotetemeka: “Ya mkwe wangu wa Dar.” Hakuwahi kuniambia.

Tulikubaliana hivi: mume wangu abaki Marambo kuanzia palizi mpaka mavuno, mimi niende na kurudi, na msaidizi wangu ashike saluni ninapokuwa shamba. Msimu ukiisha tunakaa tena mkekani, tunahesabu. Huenda tukarudi Dar, huenda tusirudi. Lakini sasa tunabishana juu ya kitu tunachokijua wote wawili.

Ukitaka kuandaa wa kwenu

Mchezo huu unaweza kuufanya Magomeni, Ng'ambo ya Zanzibar, hata Ruangwa mjini. Zingatia haya:

• Mafumbo matano au sita yanatosha. Yakizidi, njaa itaharibu mapenzi.

• Mwandaaji awe mtu wa tatu anayewapenda wote wawili. Ukiandaa mwenyewe, mwenzako atahisi yuko kwenye mtihani.

• Bahasha zikae kwa watu: fundi, muuza duka, mama lishe. Ukificha kwenye shimo utapata karatasi, ukimwachia mtu utapata na hadithi.

• Epuka makaburi, maeneo ya jeshi na nyumba za watu. Mjumbe wa mtaa aarifiwe, asije mtu akadhani mnapeleleza.

• Angalau fumbo moja liwe gumu kwa mwenyeji, na moja liwe rahisi kwa mgeni.

• La mwisho liguse jambo ambalo mmekuwa mkilikwepa. Hilo ndilo lenye thamani ya nauli.

Na mwenzako akishindwa, usimtoze pesa wala vocha. Mwambie akupe mji. Halafu usikilize vizuri ni mji gani ataanza kuutaja, na ni upi ataona uchungu kuutoa.