Jibu la Mwenye Kete Nyeusi

Katika mchezo wa sataranji, mwenye kete nyeupe ndiye aanzaye, na aghalabu humsogeza askari aliye mbele ya mfalme hatua mbili hadi mraba wa e4. Mwenye kete nyeusi hana budi kujibu. Hali yake haitofautiani sana na ya mshairi anayejibu shairi la mwenzake katika malumbano: hoja ni zake, lakini vina na mizani amewekewa.

Majibu ni mengi, na hakuna hata moja lisilo na dosari. Kinga ya Kifaransa, iliyopata jina lake kutokana na mchezo ulioendeshwa kwa barua baina ya London na Paris katika miaka ya 1834 hadi 1836, hujenga boma imara katikati ya ubao, ila humfungia ndani askofu wa miraba myeupe. Kinga ya Caro-Kann, waliyoichambua Horatio Caro na Marcus Kann mnamo 1886, humfungulia askofu huyo njia, lakini haina haraka. Asiye na subira asiiguse. Ya Kisisilia, ambayo vijana huikimbilia, huwasha moto mapema, na moto haumjui aliyeuwasha. Kwa hiyo, aulizaye jibu lipi ni bora kuliko yote amekosea swali. La kuuliza ni dosari ipi mtu anaweza kuishi nayo, na ambayo mpinzani wake hatajua la kuifanyia.

Hayo yalidhihirika London mnamo Oktoba na Novemba 2000. Garry Kasparov alikuwa bingwa wa dunia tangu 1985, na silaha yake kuu ilikuwa e4 ikifuatwa na mashambulizi makali. Aliyekuja kumkabili, Vladimir Kramnik, alikuwa na umri wa miaka 25. Huyu hakuwa mgeni kwake: mnamo 1995 alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa Kasparov katika matayarisho ya kupambana na Viswanathan Anand. Aliyekaa jikoni hujua chumvi inapowekwa.

Kramnik alijibu e4 kwa e5, na askofu mweupe alipofika b5, akamtoa farasi wake wa pili hadi f6. Hii ni Kinga ya Berlin, ambayo wakati huo mabingwa wengi waliiona imepitwa na wakati. Katika mkondo alioupendelea, malkia wote wawili huondoka ubaoni kufikia hatua ya 8. Mfalme mweusi, aliyelazimika kumla malkia mwenyewe, hupoteza haki ya kujificha pembeni kwa msaada wa ngome, na askari wake wawili husongamana katika safu moja. Ukiitazama kwa jicho la haraka, utasema mweusi ameanza kwa hasara. Lakini mfalme asiye na kinga huogopa nini ikiwa malkia wa adui hayupo? Aidha, mweusi hubaki na maaskofu wote wawili, na Kasparov aliyezoea dhoruba akajikuta katika kazi ya kupalilia, hatua baada ya hatua, mraba baada ya mraba.

Ukuta huo ulisimama mara nne katika shindano hilo, na michezo yote minne ikaisha sare. Kasparov alijaribu kuuzunguka kwa kuanza na askari wa c. Hilo nalo halikumfaa. Ilikuwa imepangwa michezo 16, lakini ilipokwisha 15 Kramnik alikuwa na alama 8.5 dhidi ya 6.5. Alishinda miwili, yote akiwa na kete nyeupe, na 13 ikawa sare. Bingwa wa miaka 15 aling'olewa bila kushinda hata mchezo mmoja.

Tangu hapo Kinga ya Berlin imekuwa chakula cha kila siku cha mabingwa. Siku hizi wapo wengi wenye kete nyeupe ambao, wamwonapo farasi yule akitua f6, humsogeza askari wa d hatua moja tu, ili malkia wasipate nafasi ya kuuana.