Neno Nililoandika kwa Wino Mwekundu



Usiku mmoja wa Desemba 2024 nilisimama juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu hapa Miti, koti begani na simu mkononi, nikitafuta mtandao. Kazi ya moduli ya nne ya kozi yangu ilikuwa tayari tangu jioni. Nilikuwa nimeiandika kwanza kwa kalamu katika daftari, kisha nikainakili katika simu kwa kidole kimoja, neno kwa neno, kwa muda wa siku tatu. Lililobaki lilikuwa kuituma tu. Mlango wa kupokelea kazi ungefungwa saa sita kamili ya usiku. Saa tano na nusu mtandao ulikuja ukaondoka. Ilipotimia saa sita kasoro dakika kumi ukarudi, nikabonyeza, na alama ndogo ya duara ikaanza kuzunguka katika kioo. Ilizunguka, ikazunguka, mpaka betri ikaisha na kioo kikawa giza.

Asubuhi nilimpelekea simu kijana anayechaji simu za watu kwa paneli ya jua kando ya barabara. Ilipowaka nilikuta ujumbe umenitangulia. Kazi haikupokelewa. Alama: 0 kati ya 20. Chini yake mashine iliongeza shauri, kwa Kifaransa cha adabu, kwamba nijifunze kupanga muda wangu vizuri zaidi.

Nina umri wa miaka 53. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na kila Jumamosi huwafundisha katekisimu watoto wa komunyo ya kwanza. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alinishauri nipange muda wangu. Niliona haya kama mtoto, kisha nikakasirika kama mtu mzima. Nilisema moyoni: huyu anayenihukumu hajui nimesimama wapi.

Nikiwa na hasira hiyohiyo niliingia darasani, nikaketi kusahihisha madaftari ya kazi za nyumbani. Daftari la tatu au la nne lilikuwa la msichana mmoja wa mwaka wa tano. Ukurasa ulikuwa mtupu, kama ilivyokuwa juma lililopita, na juma lililolitangulia. Nilifunua nyuma nitazame rekodi yake, nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe, kwa wino mwekundu, umepigiwa mstari mara mbili: Mvivu.

Nilifunga daftari. Siku ile sikuandika kitu.

Yafaa nieleze jinsi nilivyofika kuwa mwanafunzi tena katika umri huu. Mimi ni miongoni mwa walimu walioingia kazini na diploma ya D4, yaani miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi. Kwa muda mrefu ilitosha. Siku hizi haitoshi. Nilijiandikisha katika mafunzo ya ualimu mjini Bukavu, yapata kilomita 25 kutoka hapa, na katika mafunzo hayo tulitakiwa kufuata kozi moja kwa njia ya intaneti kuhusu teknolojia ya elimu. Kozi ilitolewa na chuo kikuu cha ng'ambo. Wenzangu wengi walikuwa vijana wa umri wa wanangu. Waliniita Papa, wakanisaidia kufungua akaunti, na waliponiona napiga picha ya kioo cha simu kwa simu ya jirani, walicheka bila dharau.

Wasioifahamu Miti waione hivi: kijiji kikubwa cha teritwari ya Kabare, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Kavumu na Katana, mahali panapoanzia njia nyingine ipandayo Tshivanga, kwenye Mbuga ya Kahuzi-Biega, na kushuka hadi Bunyakiri. Malori ya mizigo na wamotari hupita mchana kutwa. Umeme unaijua barabara kuliko nyumba. Ili kutazama video moja ya dakika kumi ilinibidi kununua mega kwa fedha ambazo mke wangu alikuwa amezipangia chumvi na sabuni. Hakulalamika. Aliuliza tu kama video hiyo ilikuwa ya lazima.

Na kusema kweli, kozi yenyewe ilikuwa nzuri. Sitaki hasira ya sifuri moja inifanye nisahau nilichopewa. Nilijifunza kwamba somo fupi lililopangwa vema hushinda hotuba ndefu. Nilijifunza kumpa mwanafunzi jibu la kazi yake mapema, kabla hajasahau alichouliza. Kwa kufuata zoezi la moduli ya pili, niliwarekodi watoto wakisoma aya moja ya Kifaransa, kisha nikawasikilizisha sauti zao wenyewe. Kwanza walicheka mpaka wakashika matumbo. Mara ya pili walinyamaza. Mara ya tatu kila mmoja alianza kujisahihisha bila mimi kufungua mdomo. Kwa miaka yote nimekuwa nikiwasahihisha, na hakuna siku walisikia wanachosikia watu wengine wanapowasikiliza. Simu ndogo yenye kioo kilichopasuka ilifanya jambo nisiloweza kulifanya mimi.

Katika moduli ya tatu tulionyeshwa mchoro ambao walimu wengi duniani wanaujua. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, Punya Mishra na Matthew Koehler, walieleza mwaka 2006 kwamba mwalimu anahitaji maarifa ya aina tatu: kulijua somo, kujua namna ya kufundisha, na kujua vyombo vya teknolojia. Walijenga juu ya mawazo ya Lee Shulman, ambaye mwaka 1986 alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kulijua somo na kujua kulifundisha ni lazima viunganike. Mchoro wao una miduara mitatu inayoingiliana, na pale katikati inapokutana yote mitatu ndipo anaposimama mwalimu mwema. Baadaye ulizungushiwa mduara mwingine mkubwa, wa vipande-vipande, unaoikumbatia ile mitatu. Huo umeandikwa neno moja: mazingira.

Video ilieleza miduara mitatu kwa dakika nyingi. Mduara wa nje ulipewa sentensi moja. Nami nilipoutazama niliona kwamba ndimo ninamokaa. Kilima, betri, mega, mvua inayopiga bati hata sauti ya video isisikike, lugha ya tatu ninayosomea: vyote vimo katika mstari ule uliokatikakatika. Na msichana wa daftari tupu anakaa humo pia.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya njia. Somo halimfikii mwanafunzi kwa kuwa ni zuri. Linamfikia kwa njia fulani, na njia ikikatika uzuri wake haumsaidii. Waliofundisha kwa mbali zamani walilijua hilo. Mwaka 1840, huko Uingereza, Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa posta: wanafunzi walinakili maandiko, wakamtumia, naye akayarudisha yamesahihishwa. Haikuwa bahati tu kwamba alianza mwaka huo. Ndio mwaka ambao gharama ya kutuma barua nchini mwao ilishushwa hadi peni moja. Njia ilipokuwa rahisi, shule ikapita juu yake. Hapa kwetu, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, masomo yalirushwa kwa redio, na Radio Okapi ikawa na kipindi chake, Okapi École. Nakumbuka watoto waliokaa vibarazani kwa jirani mwenye redio, madaftari magotini. Waliosikia ni wale waliokuwa na jirani wa namna hiyo.

Hata Mtume Paulo alifundisha kwa mbali. Warumi walisoma barua yake kabla hawajamwona uso. Lakini mwishoni mwa barua hiyo anamtaja dada mmoja, Foibe wa Kenkrea, akiwaomba wampokee vizuri, na tangu zamani Kanisa limefahamu kwamba ndiye aliyeibeba. Mafundisho mazito namna ile yalisafiri mikononi mwa mama mmoja. Nimelisoma jina lake mara nyingi kanisani bila kusimama. Sasa nasimama. Bila mbebaji, Warumi wangebaki na ukurasa mtupu.

Baada ya sifuri ile nilimwandikia mwalimu wa kozi. Si kwa kulalamika. Nilimweleza tu kilima na betri, nikatuma na picha za kurasa za daftari nilizoziandika kwa kalamu. Baada ya siku mbili alinijibu. Hakunihubiria. Aliniuliza swali moja: unaunganishwa na intaneti kwa njia gani, na saa ngapi mtandao wenu ni mzuri? Nikamjibu kwamba ni alfajiri, kabla watu hawajaamka. Akanifungulia mlango kwa siku tano zaidi. Nikatuma kazi saa kumi na moja ya asubuhi, jogoo wakiwika, nikapata 13 kati ya 20.

Mnakijua kisa cha mtumwa aliyesamehewa deni kubwa, akatoka nje akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Mimi sikumkaba mtu. Nilifanya jambo la polepole zaidi: niliahirisha.

Januari, tuliporudi kutoka mapumziko ya Noeli, niliwauliza wanafunzi wangu wanieleze, mmoja mmoja, jioni zao zilivyo tangu wanapotoka shule hadi wanapolala. Sikuwa nimewahi kuwauliza. Nikasikia juu ya chemchemi na foleni ya madumu, wadogo wa kubeba mgongoni, kuni, taa moja ambayo baba huondoka nayo. Msichana yule alieleza kwa sentensi tatu. Mama yake huuza ndizi katika soko la Mudaka na hurudi gizani. Yeye hupika, huwaosha wadogo zake watatu, huwalaza. Akimaliza, hakuna mwanga wa kuandikia. Alisema hayo bila kuomba huruma, kama mtu anayesoma orodha. Alipoketi, darasa zima halikuona ajabu yoyote. Ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimeuona mzigo wake mwepesi hata nikauandikia jina.

Nilijua la kufanya. Nilipaswa kumwita, kulifungua daftari lake mbele yake, kulifuta neno lile na kumwomba radhi. Nalikiri hapa: niliona ugumu. Kwa desturi yetu, mzee haombi radhi kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, tena mwalimu, tena katekista. Nilijiambia nitafute siku nzuri. Juma moja likapita, kisha la pili. Nikaacha kuwapa kazi za nyumbani, nikadhani hiyo inatosha kuwa radhi.

Katikati ya Februari 2025 vita vikafika Kavumu, kisha vikafika Bukavu. Shule zikafungwa. Watu wakachukua walichoweza, wengine kuelekea ziwani, wengine kubaki na kujifungia majumbani. Tulipofungua tena milango ya darasa, madawati mengi yalikuwa na nafasi. Nafasi yake ilikuwa mojawapo. Jirani mmoja alisema wamevuka kwenda Idjwi. Mwingine alisema wamepanda upande wa Bunyakiri kwa ndugu za mama. Nimeuliza wamotari wa pande zote mbili. Mpaka leo sijapata habari ya kuaminika.

Daftari lake alikwenda nalo. Popote alipo, neno lile limo ndani yake kwa mwandiko wangu, na kazi nilizozisahihisha vizuri zimo kurasa za kando. Sijui yeye huufunua ukurasa upi.

Nilimaliza kozi. Nimepata cheti, nacho kimehifadhiwa kwenye simu kwa sababu sijapata pa kukichapisha. Watu huniuliza teknolojia ya elimu imenifundisha nini, wakitarajia niwatajie programu. Nawaambia mambo mawili. La kwanza, darasani kwangu kazi ya nyumbani sasa hufanywa shuleni, nusu saa kabla ya kengele ya mwisho, mwanga wa dirisha ukiwa bado upo, na anayekwama huniona niko pale. La pili, mtoto akileta ukurasa mtupu, namuuliza swali nililoulizwa mimi: somo lilikufikia kwa njia gani, na njia ilikatikia wapi?

Kalamu nyekundu bado ninayo. Naitumia kuweka alama ya vema na kuandika tarehe. Na kila daftari jipya linapowekwa mezani, hasa la mtoto aliyehamia kutoka mahali pengine, hufunua kwanza kurasa za nyuma nione mwalimu aliyenitangulia alimwandikia nini. Nikikuta neno kama lile langu, humwita mtoto, tukalifuta pamoja. Kwa yule wangu nimechelewa. Ninyi mliojaliwa kuwa na watoto wenu bado mbele yenu, darasani au nyumbani, msingoje siku nzuri.