Nyumba ya Magurudumu na Chupa Isiyojaa

Motokari munazozijua ni zile za kazi: kamioni ya madini, basi ya wachimbaji, taksi ya sokoni. Je, mumekwisha kulala ndani ya motokari yenye kitanda, meza, frigo na jiko? Mwezi wa pili mwaka wa 2023 nilikwenda kumutembelea dada yangu kule Charleroi, Ubelgiji. Shemeki akatupakia sisi wote ndani ya nyumba yake ya magurudumu, aliyoinunua juma lile, kuukuu lakini safi.

Tulifuata barabara ya Namur na Liège, kisha tukapanda mpaka Botrange, mahali pa juu kuliko pote katika Ubelgiji. Ni mita 694. Mwaka wa 1923 walirundika udongo mita 6 juu yake ili mutu apate kusimama kwenye mita 700! Nilicheka sana. Kule Kolwezi tunalala juu ya mita 1.400 na hatujisifu.

Usiku kicheko kiliisha. Baridi ilishuka chini ya 0, na shofaji ikazimika. Shemeki akatoka na tochi, akatikisa chupa ya gazi: bado nzito! Basi, kwa nini moto umekufa? Ndani ya chupa gazi iko kama maji, na inapashwa kugeuka mvuke kabla ya kuwaka. Butani ikifika karibu na 0 inakataa kugeuka. Propani yenyewe inaendelea mpaka 42 chini ya 0. Sisi tulikuwa na butani. Mutoto wa dada, wa miaka miwili, tulimulaza katikati yetu chini ya mablanketi yote, na hakuna aliyesinzia.

Asubuhi shemeki akaapa kuachana na chupa za kubadilisha. Kule Bulaya kila inchi iko na chupa zake, na muuzaji hapokei chupa ya mwingine. Afazali kufunga chupa moja ya kudumu na kuijaza kwenye stasyo, pale wanapouza LPG ya motokari. Hiyo ni propani na butani pamoja, na katika inchi nyingi za kule wanaongeza propani wakati wa baridi. Mawazo mazuri. Lakini sikilizeni alivyotaka kufanya!

— Miye niko fundi wa motokari miaka makumi mbili. Nitakamata tangi ya LPG ya motokari ya zamani, bei chini, nitafunga paka miye mwenyewe.

— Papa, dada akajibu, humu njo mutoto atalala.

Tukarudi Charleroi, tukaenda kwa muzee mumoja wa Marcinelle, fundi wa gazi. Akamuambia shemeki bila kucheka: tangi ya motokari imetengenezwa ili itoe gazi ya maji kwa injini. Jiko linataka mvuke. Maji yakifika kwenye jiko, moto utaruka mpaka dari.

Kazi ilichukua siku nzima. Chupa ya kilo 11, ya kujazwa tena, ilifungwa kwa vyuma ndani ya sanduku lake, isije ikatembea motokari ikifunga breki. Sanduku halina tundu kuelekea chumba cha kulala, lakini chini liko na tundu wazi kuelekea inje, kwa sababu gazi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja inateremuka kama maji. Akaweka kifaa cha kupunguza nguvu ya gazi mpaka milibari 30, tiyo mpya, na mudomo wa kujazia kwenye ukuta wa inje. Mwisho akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akangojea kuona kama litafanya mapovu.

Ndani ya robine ya ile chupa kuna kitu cha kuelea, kama katika tangi la maji ya choo. Chupa ikifika 80 kwa mia, kinafunga chenyewe. Nikauliza: na ile 20, ni hasara? Muzee akasema gazi ya maji inavimba jua likiipiga. Ikikosa nafasi, itapasua chupa. Ile sehemu tupu ndiyo inayolinda nyumba.

Baba yake alitoka Italia kuja kuchimba makala ya mawe. Tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka wa 1956, katika shimo la Bois du Cazier palepale Marcinelle, wagoneti moja iliyokaa vibaya ndani ya kizimba ilikata nyaya za umeme na tiyo ya mafuta. Moto ukawaka, wakafa watu 262. Waitalia walikuwa 136. Wagoneti moja tu, muzee alisema, na akarudi kukaza visi.

Siku ya kujaza, shemeki alinionyesha vipande vya shaba ndani ya mufuko: kimoja cha Ubelgiji na Ujerumani, kingine cha Ufaransa na Italia, kingine cha Uholanzi na Uingereza. Akafunga kile cha kwanza, akashika kifungo cha pompo. Kwenye litra 21 ikasimama. Yeye akataka kubonyeza tena, "ijae vizuri." Nikamushika mukono.

— Shemeki, imesimama. Iache.

Akaniangalia, akacheka, akaacha. Juma lile tulirudi Botrange, na mutoto alilala mpaka asubuhi.

Muzee alitufungia pia kengele ndogo ya ile hewa mbaya ya moto usiopumua vizuri, hewa isiyo na harufu. Hiyo ndiyo inayoua kwetu pia, mama anapoingiza mbabula ya makala ndani ya chumba na kufunga madirisha juu ya baridi ya mwezi wa sita. Wazazi, mbabula ibaki inje. Mutoto akisikia baridi, muongezee blanketi.