Gitaa la Solo, Fedha ya Korosho na Kisanduku cha Fundi



Wasomaji wapendwa, makala haya yanahusu amplifaya ya gitaa. Wale wasiopiga gitaa nawaomba wasikimbie, kwa sababu kifaa hicho kilikaribia kuigawa kwaya ya vijana ninayoshiriki kila niwapo likizo nyumbani Chikongola, Mtwara mjini.

Anayeijua Mtwara anajua kwamba mambo mengi husubiri korosho: ada za shule, bati za nyumba, mahari, hata zaka. Baada ya minada ya msimu uliopita wanakwaya walijichangisha, kila mmoja kadiri ya mavuno yake, na fedha ikapatikana. Kundi moja likasema inunuliwe amplifaya mpya ya wati 100, maana iliyopo ni ya wati 50 na gitaa la solo halisikiki. Kundi lingine, hasa waimbaji wa sauti ya pili, likasema fedha hiyo inunue maikrofoni. Na juu ya hayo yote, kamati ya liturujia ilikuwa imeshatuonya: maneno ya nyimbo yakiendelea kutosikika, magitaa yatatoka kwenye Misa na kitabaki kinanda peke yake.

Mpiga solo wetu ni kijana wa bodaboda, na vidole vyake ni karama. Sina neno jingine. Akiwa peke yake mazoezini, watu hunyamaza kumsikiliza. Bendi ikiingia, yaani ngoma, besi, kinanda na gitaa la rithimu ninalolipiga mimi, unaona vidole vinakimbia kwenye nyuzi lakini sauti haifiki benchi la tatu. Alishaanza kusema kwamba kuna mahali pengine mjini wanapomhitaji, penye vyombo vikubwa, na huko atasikika. Hakuwa anatishia mtu, alikuwa amechoka. Mtu akipiga gitaa miaka minne bila kusikika hata na mama yake aliyeketi katika Misa hiyo hiyo, utamlaumu?

Tabia niliyoikuta nadhani iko katika kwaya nyingi. Zamu ya solo ikifika, mwenye solo anaongeza sauti. Wa kinanda hajisikii tena, naye anaongeza. Mpiga ngoma hana cha kuzungusha, kwa hiyo anaongeza mikono. Ubeti ukirudi hakuna anayerudisha sauti alipoitoa, waimbaji wanalazimika kupiga kelele, na hadi kufika Komunyo bati za kanisa zinatetemeka. Baada ya hapo solo ya wimbo unaofuata inahitaji kupanda juu ya kelele hiyo mpya.

Nianze na hesabu ya wati, maana ndiyo iliyokuwa imebeba fedha za watu. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, kutoka wati 50 hadi 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Sikio linaitambua tofauti hiyo, lakini ni ndogo. Ili msikilizaji wa kawaida ahisi kwamba sauti imekuwa maradufu, inatakiwa ipande kama desibeli 10, na desibeli 10 maana yake ni nguvu mara kumi, yaani wati 500. Niliiandika ubaoni siku ya kikao. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliipitia mara mbili kwa kidole, kisha akakaa bila kusema kitu. Wengine walisema Frateri analeta mambo ya darasani.

Jambo la pili liko ndani ya amplifaya yenyewe. Mna hatua mbili. Ya kwanza hupokea mtetemo dhaifu wa nyuzi, huukuza na kuupa rangi. Ya pili huupa nguvu ya kusukuma spika. Nobu ya geini iko katika hatua ya kwanza, na nobu ya sauti kuu huja baada yake. Geini ikizidi, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na huo ndio mkwaruzo ambao vijana wanaupenda. Sasa mtu ambaye tayari yuko kwenye mkwaruzo akikanyaga pedali ya kuongeza sauti iliyo kati ya gitaa na amplifaya, anapata mkwaruzo zaidi. Kupanda kwa sauti ni kidogo sana, kwa sababu vichwa vya mawimbi vilishakatwa. Na kama hatua ya pili nayo imefika kikomo, hakuna pedali duniani itakayomsaidia. Umeme ukipungua jioni, kikomo hicho hushuka zaidi.

Aliyenifungua macho kuhusu upande wa muziki ni mzee wetu wa besi. Alipiga muziki wa dansi miaka ya sabini, kabla ya kurudi kundini, kama anavyosema mwenyewe huku akicheka. Siku moja baada ya mazoezi alinikalisha barazani kwake tukasikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Nyimbo za zama hizo zilirekodiwa Radio Tanzania bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Fundi mitambo hakuwa na nafasi ya kumpandisha mpiga solo baadaye. Uwiano ulipaswa kutoka kwa wapigaji wenyewe. Ukisikiliza kwa makini, Mbaraka anapoingia na solo, gitaa la rithimu haliachi kupiga, ila limekaa chini kwenye shingo ya gitaa, fupi na kavu, wakati yeye yuko juu. Hawagombei sauti zile zile.

“Frateri,” mzee akaniambia, “ninyi mnatafuta sauti ya kuongeza. Sisi tulikuwa tunatafuta ya kupunguza.”

Nililala nikiwaza maneno hayo, na kulipokucha nikaenda kwa fundi redio mmoja wa mtaani kwetu. Nyuma ya amplifaya yetu yako matundu mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyagusa: moja hutoa sauti baada ya hatua ya kwanza, jingine huirudisha kabla ya hatua ya pili. Nikamwomba fundi anitengenezee kisanduku cha kukaa katikati ya matundu hayo. Alichukua kinobu cha kuzungushia sauti kutoka kwenye redio mbovu, swichi ya kukanyaga, matundu mawili ya waya, akavifunga ndani ya kopo la bati ili mvumo wa umeme usiingie. Hakina betri wala transista. Kazi yake ni kupunguza tu. Unapanga sauti kuu ya amplifaya iwe pale solo inapotosha kanisa, kisha kisanduku kinaishusha wakati wa ubeti na kiitikio. Zamu ya solo ikifika unakanyaga, kisanduku kinaachia. Kwa kuwa kiko baada ya geini, rangi ya sauti haibadiliki. Gharama yake haikufika hata robo ya maikrofoni moja.

Kwa ndugu walio vigangoni wenye amplifaya ndogo zisizo na matundu hayo: nobu iliyo kwenye gitaa lenyewe inaweza kufanya kazi ile ile, mradi sauti iwe safi bila mkwaruzo. Sindikiza ukiwa kwenye 6 au 7, fungua hadi 10 kwa solo. Kwenye mkwaruzo mwingi haisaidii, maana inapunguza zaidi mkwaruzo kuliko sauti.

Jumamosi tulijaribu. Mama mmoja wa WAWATA alikubali kukaa benchi la mwisho na kutuambia ukweli, na kwa kweli hakutuonea huruma. Mara ya kwanza alisema anasikia solo lakini kama iko chini ya maji. Tukaiinua amplifaya kutoka sakafuni tukaiweka juu ya benchi, ielekee masikio badala ya magoti. Sauti za juu husafiri kwa mstari kama mwanga wa tochi, na miaka yote hiyo zilikuwa zinaishia kwenye kanzu za wanakwaya wa mstari wa mbele. Kisha tukapunguza besi kwenye gitaa na kuongeza sauti za katikati, kati ya hezi 500 na 2,000 hivi, kwa sababu huko chini mwenyewe ni mzee wa besi na ngoma kubwa. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kinanda. Mpiga kinanda wetu hujaza kila nafasi kwa mkono wa kushoto, akirudia yale yale ya besi, na kwa mkono wa kulia anashikilia sauti ya vinanda vya nyuzi kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kumwomba ainue mkono wa kushoto kwa vipimo vinane tu kulichukua nusu saa na soda mbili. Alisema hana kazi basi. Tukamjibu kwamba kazi yake ni kutoa nafasi, na kwamba hata mimi rithimu yangu imepunguzwa.

Mama akainua mkono kutoka nyuma. “Sasa namsikia. Na ninyi mnaoimba nawasikia.”

Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyotupeleka kwa kamati ya liturujia kwa amani. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967, namba 64, inasema wazi kwamba vyombo ni vya kutegemeza sauti za waimbaji, visizizidi hadi maneno yakawa magumu kueleweka, na vinyamaze padre au mhudumu anapotamka kwa sauti sehemu yake. Tukakubaliana solo ikae kati ya beti, na baada ya Komunyo kwa kiasi, isipite juu ya neno lolote. Nakiri kwamba si kila frateri mwenzangu anapenda gitaa la umeme ndani ya Misa, na hoja zao ninaziheshimu. Lakini hoja ya kelele, angalau kwetu, haipo tena.

Sherehe ya Epifania ndiyo ilikuwa Misa ya kwanza ya kisanduku. Kwenye wimbo wa shukrani kijana akakanyaga, na vipimo vinane vya solo vikatoka safi hadi mlangoni. Watu wakageuza vichwa. Baada ya Misa alibaki anakunja waya taratibu kuliko kawaida, na habari za kuhamia mahali pengine sijazisikia tena, ingawa simwekei dhamana mtu.

Fedha ya korosho ilinunua maikrofoni nne na stendi zake. Mpiga ngoma bado ananuna, anasema wati 100 zingekuwa heshima ya kwaya. Sasa tuko Kwaresima na kisanduku kimechomolewa, kwa kuwa maelekezo ya Misale, namba 313, yanaruhusu vyombo kipindi hiki kwa ajili ya kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, siku za sherehe na sikukuu. Mpiga solo ameshanipigia simu mara mbili kuuliza Dominika ya nne ni tarehe ngapi.