Odijo wa Mlango wa Tisa

Wasee, kuna skiti moja karibu kila mtu wa kutengeneza video Kenya ashafanya: mwalimu. Unavaa koti kubwa kukuliko, unashika kiboko, unasema "hili ndilo darasa baya zaidi nimewahi kufunza." Watu wanacheka, video inaenda.

Sasa mimi naishi ploti moja na odijo wa ukweli, hapa Athi River, mlango wa tisa. Miaka hamsini na kitu. Huyo mzee ana kesi na kila kitu: blenda yangu, nguo kwa kamba, keateka akichelewa kufungua maji. Watoto wakicheza mpira kwa koridoo anatoka na vesti, "Nyinyi hamna mama?" Ploti nzima inamwita Bwana Kesi.

Jumapili ndiyo inamuumbua. Milango ingine inanukia chapati, kuna wageni, kuna kelele. Kwake unasikia kijiko kikigonga sufuria, basi. Familia iko Busia. Yeye aliletwa huku 2018, ule mwaka walimu wakuu wengi walihamishwa kutoka kaunti za nyumbani. Asilimia 1.5 ya mshahara inakatwa ya nyumba za serikali, 2.75 ya SHIF, kisha mkopo wa Sacco, na mwenye kukatwa hayo yote analala bedsita. Nauli ya kwenda Busia kila wikendi atatoa wapi?

Usiku mmoja, saa nne hivi, akabisha. Alikuwa anaingiza alama za watoto kwa mtandao, zile za CBC, na bando zimeisha.

"Kijana, hebu niwashie hiyo hotispoti."

"Sawa, mwalimu. Ingia basi."

Akaketi kwa ukingo wa kiti kama mtu amekuja kuomba kazi. Akaniuliza mbona niliacha chuo. Nikamwambia karo. Nilingoja mahubiri, hayakuja.

"Msichana wangu yuko mwaka wa pili," akasema. "Hanipigii mpaka karo iitishwe."

Halafu, macho yakiwa bado kwa simu: "Asubuhi watoto mia mbili wananisalimia kwa pamoja. Kutoka saa kumi na moja jioni mpaka kesho yake, hakuna mtu anaongea na mimi."

Hapo ndipo nilielewa zile kesi. Ukimwambia mtu "habari ya jioni" anaweza kukupita tu. Ukimgombanisha juu ya blenda, lazima akujibu. Bwana Kesi anapata mazungumzo yake hivyo, dakika tano tano, na kila ugomvi unafanya majirani wamhepe zaidi.

Na msiniletee ile ya "walimu wana stress, waeleweni." Viboko vilipigwa marufuku 2001, kabla nizaliwe, na bado nilichapwa mpaka darasa la nane. Mtoto wa darasa la nne si yeye alikutoa Busia. Mtu anaweza kuwa mpweke na bado awe mkali kwa watu wasiomkosea, na huyu wetu ni yote mawili.

Juzi akabisha tena. Nikajua ni blenda.

"Nimeona video yako. Umesema 'mtu mwenye anakuja'. Ni 'mtu anayekuja'."

Akasimama hapo mlangoni akinifunza virejeshi karibu nusu saa. Nilimpa chai. Akasema sukari ni nyingi.